Niliwabeba Wote Wawili Hadi Guangzhou

Msiombe msamaha. Hilo ndilo la kwanza, kabla sijawafundisha namna ya kumketisha mtoto kwenye kiti chembamba au kitu cha kumpa atafune ndege inaposhuka. Mtoto atalia ndani ya ndege. Watu watageuka. Mmoja atashusha pumzi kwa nguvu ili umsikie. Wewe mtulize mtoto wako, inatosha. Kuomba msamaha kwa sababu umezaa, hapana. Sikuomba wakati ule na siombi leo.

Jina langu ni Kavira, lakini hapa Masisi kila mtu ananiita Mama Masika. Niliuza Walikale miaka mingi, na bidhaa zangu nilikuwa ninaenda kuzichagua mwenyewe China. Sasa magoti yamegoma na butiki, duka letu, iko mikononi mwa binti yangu. Lakini wasichana wanaoanza biashara wanapanda hadi kwangu, mtoto mgongoni, wanakunywa maziwa yangu, na wote wanauliza neno moja: "Mama, mutoto nimuache kwa nani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Sikilizeni wote.

Msimwache kwa mtu. Mwende naye.

Najua njia zenu si zetu. Uwanja wa ndege wa Goma umenyamaza, mpakani wanauliza maswali mapya kila mara, na ninyi mna simu inayowaonyesha mlango wa kupanda ndege. Lakini sikio la mtoto halijabadilika, wala tumbo lake, wala usingizi wake.

Butiki yetu ilikuwa kando ya barabara, Walikale centre. Tuliuza sufuria, tochi, maturubai, na zaidi ya vyote mabote ya mpira. Siku hizo mgodi wa Bisie ulikuwa bado wa watu wa nyundo na mikono, siyo wa mashine kama leo. Wachimbaji walitembea msituni kwenye tope la kufika magotini, mzigo mgongoni, na bote likipasuka, mguu unaanza kuoza. Mtu akija kununua kwetu alikuwa anajua bote letu halipasuki. Mume wangu, Kambale, ndiye aliyekuwa anasafiri kuyanunua. Mtoto wangu wa kwanza, Masika, alikuwa hajaanza shule na Muhindo alikuwa bado tumboni wakati homa ilipomchukua baba yao.

Muhindo alipoanza kukaa mwenyewe, familia ya mume wangu iliniita hapa Masisi, kwa shemeji yangu Paluku. Huyo ni kaka mkubwa wa Kambale, mwenye malori yaliyokuwa yanashusha maharage na jibini Goma. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hilo. Aliongea kwa sauti ya upole kabisa.

"Kavira, weye uko mujane na mutoto wa kunyonya. Butiki uniachie. Batoto bakae huku na mama. Weye upumuzike kidogo."

Kupumzika! Nilikuwa nimeshaona wanawake waliopumzishwa hivyo. Mtoto anayeachwa kidogo anakua huko huko, na siku ukirudi kumchukua anakusalimia kama mgeni.

"Siko na muchoko," nilisema. "Mabote yanaisha. Nitaenda China kuchukua mengine."

"Na batoto?"

"Nitaenda nabo."

Walicheka wote isipokuwa mama mkwe wangu. Alikuwa mama mzee mfupi, mwenye maneno machache, aliyezaa wana wengi na kuzika baadhi yao. Aliniangalia, akamwangalia mwanawe.

"Paluku aende naye," akasema. "Akaone. Akirudi atatuambia, na tutafuata neno yake."

Basi ndivyo nilivyopata mlinzi. Neno lake ndilo lingekata: akisema nimeshindwa, butiki inaenda kwake na watoto wanabaki Masisi.

Kabla ya kuondoka nilienda kwa Mama Kyakimwa, mwanamke wa kwetu Butembo aliyekuwa anauza vikwembe, vile vitambaa vya kujifunga, Goma. Huyo alikuwa amepanda ndege za Dubai akiwa na mimba, akiwa na mtoto mgongoni, na mara moja akiwa na vyote viwili. Yote ninayojua yalianzia kwake.

"Avion inapopanda, mutoto ananyonya," aliniambia, akikunja vikwembe bila kunitazama. "Inaposhuka, ananyonya tena. Masikio njo inamuliza, si roho mubaya. Akilala wakati wa kushuka, umuamushe, hata kama inakuuma. Mukubwa umupe kitu ya kutafuna. Na ile dawa, siro ya kikohozi, batakuambia umunyweshe alale, usiiguse. Mutoto si muzigo wa kufunga kamba."

"Na bakinifokea?"

"Weye hauna midomo?"

Tuliondoka Masisi kwenye lori la Paluku, mimi na watoto mbele kando ya dereva. Hapo kuna funzo ambalo Mama Kyakimwa hakunipa. Nilikuwa nimemshibisha Masika maziwa asubuhi, nikidhani nafanya vizuri. Kwenye kona za kushuka Sake aliyarudisha yote kwenye sketi yangu. Nilivuka mpaka nikinuka kama zizi. Kwa hiyo: siku ya safari mtoto anakula kikavu, kidogo kidogo, na nguo zako za kubadilisha ziko juu ya mfuko, haziko chini.

Kigali tulipanda ndege ya kwanza, na Adisi Abeba tukapanda ile kubwa. Paluku alikuwa amevaa koti jipya. Alipata kiti safu chache mbele yetu, na nilimsikia mhudumu wa ndege akimuuliza kama yuko pamoja na mama mwenye watoto. Akajibu kwa Kifaransa chake cha dukani: hapana, hayuko pamoja nao.

Sawa. Nilimfunga Masika mkanda, nikamtoa Muhindo mgongoni. Hapo msibishane na wahudumu: ndege ikipanda na ikishuka, mtoto anatoka mgongoni na anashikwa mbele. Ubishi una mahali pake. Nilimpa ziwa. Akalikataa. Nikampa lingine, akalikataa pia, akajinyoosha kama ubao, akapiga kelele ambayo nadhani rubani aliisikia.

Alilia ndege ikipanda. Alilia ilipotulia. Mwanaume mmoja nyuma yangu akaanza kugonga kiti. Mhudumu akaja, msichana mzuri mwenye rangi mdomoni, akainama akauliza kwa upole kama sina dawa ya kumfanya mtoto alale.

"Haumwi," nilimjibu. "Analia."

"Watu wanataka kupumzika, madame."

Neno lile tena. "Na yeye anataka kupumzika. Akiweza, atanyamaza."

Nikasimama, nikamfunga mgongoni, nikaanza kutembea kwenye njia ya katikati, kwenda na kurudi, nikiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Kila aliyeniangalia, nilimwangalia. Mwanaume yule wa kugonga kiti nilimsalimia kila nilipopita, mpaka akafumba macho. Mwishowe Muhindo akatoa hewa nyingi tumboni na kulegea.

Niliporudi, Masika alikuwa amebandika pua kwenye kioo. Chini yetu kulikuwa na mawingu meupe, yametandazwa hadi mwisho wa macho. Sasa mjue kwamba siku za matanga, watu wema walikuwa wamemwambia mtoto huyu kwamba papa, yaani baba yake, amepanda juu. Mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau.

"Mama," akaniuliza bila kugeuka, "ni hapa?"

"Hapa nini?"

"Kwenye papa iko."

Ndugu zangu, nimejibizana na maaskari wa barabarani, na wakubwa wa forodha, na Paluku. Hakuna swali lililonishinda kama lile. Nilikaa. Nilimshika kichwa.

"Hapana," nilimwambia. "Lakini papa alikuwa anapita hapa, akienda kazini."

Akafikiri. Akarudisha pua kwenye kioo, na akaendelea kuangalia njia ya papa yake mpaka kukawa hakuna cha kuona. Hakuuliza tena. Mimi ndiye niliyelia, kimya, na hakuna aliyegonga kiti.

Baadaye akataka kwenda chooni, na Muhindo alikuwa ameamka. Choo cha ndege hakiwezi kubeba watu watatu. Nilienda moja kwa moja hadi safu ya Paluku, nikamweka mtoto mapajani pake, juu ya lile koti.

"Mushike."

"Kavira, unanipatisha haya mbele ya bantu."

"Haya haiuwi muntu. Ni mutoto wa ndugu yako. Mushike."

Hakuwahi kumshika. Tangu mtoto azaliwe, hakuwahi. Aliinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa na askari. Muhindo akamtazama, akamtapikia maziwa kwenye koti, akafuta mdomo papo hapo, akalala. Tuliporudi kutoka chooni, Paluku alikuwa amekaa wima, mkono umekauka chini ya kichwa cha mtoto, anapumua kidogo kidogo asimwamshe. Jicho lake liliniomba nimchukue. Nikapita. Nikaenda kula chakula changu kikiwa cha moto, mara ya kwanza tangu nijifungue.

Wakati wa kushuka nilimchukua, nikamwamsha, nikampa ziwa, na safari hii alilipokea. Masika nilimpa kipande cha jibini la Masisi, lile gumu linalotaka meno. Alitafuna mpaka magurudumu yakagusa chini, na masikio yake hayakumuuma hata kidogo. Ninyi mnawapa pipi. Pipi inaisha mapema. Chukueni jibini.

Sasa nije kwenye usingizi, kwa sababu ndiyo sehemu mnayoiogopa zaidi. Wenye kusoma wanaiita dekalaje. Maana yake ni kwamba mwili umefika lakini saa yake imebaki nyumbani. Kule China, Guangzhou, jua linatangulia letu kwa mbali. Wao wakifungua maduka, kwetu majogoo bado hawajawika. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza Masika alikuwa kama gunia la maharage yaliyolowa: namsimamisha, anakunjika. Na watu wa kule walipoanza kutafuta vitanda, yeye na mdogo wake walikuwa wanaruka juu ya kitanda cha hoteli wakicheka.

Hakuna dawa. Anayewauzia dawa anawadanganya. Mimi nilifanya hivi. Asubuhi nilifungua mapazia na kuwatoa nje kwenye jua, hata wakilia, hata kama nilikuwa nawakokota. Chakula niliwapa kwa saa za watu wa pale, hata wakila vijiko viwili tu. Mchana niliwaacha walale kidogo, kisha nikawaamsha kwa kitambaa chenye maji, na hapo walinichukia, na nilikubali kuchukiwa. Jioni nilifunga mapazia, nikanyamazisha televisheni, nikaongea kwa sauti ya chini, nikawafunika na kikwembe changu ambacho hakikufuliwa, chenye harufu ya nyumbani. Mwili wa mtoto una kichwa kigumu, lakini unalisikiliza jua kuliko unavyomsikiliza mama yake. Siku kwa siku unasogea. Na msinipe simu zenu hapo! Mnampa mtoto simu kitandani, inamwangazia usoni, halafu mnashangaa kwamba anadhani ni saa sita mchana.

Mnaniuliza, na wewe mama, dekalaje haikukupiga? Kunipiga wapi? Nilikuwa sijalala sawasawa tangu Muhindo azaliwe. Mwanamke mwenye mtoto wa kunyonya, saa yake ilishavunjika zamani. China haikukuta kitu cha kuvunja.

Aliyepigwa ni Paluku. Ile asubuhi ya kwanza tulikuwa tumepangiwa kumwona muuzaji wa mabote. Niligonga mlango wake. Nikagonga tena. Akanijibu kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, kutoka mbali sana, maneno ya mtu anayefukuza mbuzi shambani, kisha kimya. Nikaita, nikapiga mlango kwa kiatu. Nikasikia akikoroma.

Ningeweza kurudi chumbani kumngoja. Ndivyo mwanamke mwenye adabu angefanya, nadhani. Nilimfunga Muhindo mgongoni, nikamshika Masika mkono, nikashuka barabarani.

Soko lile ni jumba la ghorofa nyingi, na ghorofa nzima ni viatu. Muuzaji alikuwa mwanamke wa umri wangu. Wateja wa kwetu walikuwa wamemfundisha Lingala kidogo: "Mama, yaka, yaka!" Yaani njoo, njoo. Alipowaona watoto wanasinzia, alipasua boksi, akalitandika chini nyuma ya meza, na hapo nikaona kwamba wa kwake alikuwa amelala pale pale, kijana mdogo mwenye soksi moja. Tukawapanga watatu. Kisha tukasimama wima, sisi wawili, tukaanza kugombana juu ya bei, yeye na mashine yake ya kuhesabia, mimi na kichwa changu.

Bote mnalijua kwa kulinunua. Mimi nililijua kwa kuliona likirudishwa. Niliomba maji, nikalijaza, nikalisimamisha tuone kama linavuja. Nikalikunja soli mpaka ikagusana na shingo yake. Nikatia mkono ndani kutafuta mahali mpira ulipounganishwa. Yalikuwa mazuri. Lakini sikulipa. Nilimwonyesha kwa vidole kwamba nitarudi mchana. Asubuhi ya kwanza msiamue kitu, hata kama macho yenu yako wazi; kichwa kinachelewa kufika. Akakasirika, akapunga mkono, akaniambia kwamba wengine wanayataka. "Bauziye," nilimjibu kwa Kiswahili, na nadhani alielewa.

Mchana nilirudi nikiwa nimekula, na akili imefika. Yalikuwepo bado. Na kwenye rundo la nyuma nikakuta maboksi ya bote la mpira mwembamba, linalofanana na lile zuri kwa rangi tu. Asubuhi nisingeliona. Nikayatoa yote kando, moja moja, naye akiyarudisha na mimi nikiyatoa, mpaka akacheka na kuacha.

Paluku alitokea jioni, macho mekundu, shati limefungwa vifungo kwenye matundu yasiyo yake.

"Mbona haukuniamusha?"

"Nilikuamusha. Ulinijibu Kinande."

Alikaa kwenye kitanda, Masika akamrukia mgongoni. Kesho yake ilikuwa vile vile, na keshokutwa. Mtu yule aliendesha malori kwenye tope la Walikale bila kufumba jicho, lakini saa ya China ilimlaza kila asubuhi, na alipoanza kuizoea, safari ikawa imeisha. Mimi na watoto tulimaliza kazi yote: tochi, sufuria, na mpaka meli ya kubeba mzigo. Mnielewe vizuri: simcheki kwa sababu alilala. Mwili ni mwili. Ninachokumbuka ni kwamba kwenye barabara ya kupanda kutoka Sake, siku ya kurudi, aliniambia akiangalia mbele:

"Miye nitabaambia ile safari si ya mwanamuke na batoto."

"Baambie uliyoona," nilimjibu.

"Nitabaambia ile iko muzuri kwa familia."

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, familia ya mume wangu ilikaa uani kwa Paluku. Wajomba, kaka, binamu, na mama mkwe wangu kwenye kiti cha chini. Ng'ombe walikuwa wanalia ng'ambo ya bonde. Na kwa watoto wangu, waliokuwa bado wanaishi saa za Guangzhou, jua lilikuwa limeshazama. Masika alijinyoosha kwenye mkeka akalala mbele ya wazee wote. Muhindo alikuwa anakoroma mgongoni mwangu.

Paluku akaombwa aseme.

"Ile safari," akaanza, "iko ya nguvu. Miye nilikuwa kule. Niliona na macho yangu." Akanyamaza kama mtu mzito anayetafuta neno. "Mutoto analia. Mama anatembea-tembea katika avion. Na soko ya kule... na soko..."

Tukangoja. Kidevu kikashuka kifuani. Mjomba mmoja akakohoa. Paluku akavuta pumzi ndefu, na ikatoka na sauti.

"Amelala?" mama mkwe akauliza.

"Amelala, mama," nikajibu.

"Na weye, Kavira?"

"Miye niko macho."

"Basi mwenye iko macho njo aseme."

Binamu mmoja alinung'unika kwamba mwanamke hasemi kabla ya mkubwa wa nyumba. Nilisimama hata hivyo, mtoto mgongoni, na sikuinamisha kichwa. Niliwaambia mabote niliyoyachagua na yale niliyoyakataa. Niliwaambia nani alienda sokoni. Kisha nikasema: "Batoto banakaa na miye. Butiki inakaa na miye. Mabote yakiisha, nitarudi kule, na nitarudi nabo. Mwenye anaona siwezi, aende yeye, abebe wawili, ndipo tuongee."

Mama mkwe wangu alimwangalia Masika kwenye mkeka.

"Kule, balikula?"

"Balikula."

"Balilala?"

"Balilala, mama. Ila kwa saa yao."

Akacheka, meno machache, mabega yakitikisika. "Ukirudi China, uniletee taa ya jua," akasema. "Hii ya petroli inaniharibia macho." Akainuka kwenda kuangalia chai.

Hivyo ndivyo alivyokata shauri. Wajomba wakaanza kuongea habari za mvua na barabara. Harufu ya chai ilipofika uani, Paluku alifungua macho, akanyoosha koti, akatuangalia mmoja mmoja.

"Tulifika wapi?" akauliza.

Mama yake akamwekea kikombe mkononi.

"Tumeisha maliza, mwanangu. Kunywa."